Una Nini Nyumbani?



Mpendwa kijana, leo tuongee jambo ambalo kwenye jumuiya zetu tunalikwepa: madeni. Nazungumzia mikopo ya simu, na ile ya mtaani tuliyoipa jina la kausha damu.

Naanza na mimi mwenyewe. Hapa Lemara nilipungukiwa kodi ya chumba, nikapakua programu moja na kuomba 100,000. Ikaingia 72,000, na baada ya siku saba walitaka 100,000 kamili. Nikakopa kwingine kulipa kule, na kwingine tena kulipa kwingine. Siku niliyochelewa, watu waliomo kwenye simu yangu walitumiwa ujumbe kwamba mimi ni tapeli. Mama aliupata. Katekista wetu aliupata. Jumapili ile sikwenda Misa.

Ndipo akatokea "mkombozi" wa WhatsApp: tuma 50,000, nikufutie jina kwenye orodha ya wadaiwa. Nikatuma. Hadi leo hapokei simu. Deni lilibaki palepale.

Sasa fungua 2 Wafalme 4:1-7. Mjane anadaiwa, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Angalia anavyotoka.

Kwanza, alisema. Alimlilia Elisha waziwazi. Deni linanenepa kwenye ukimya, na tapeli anatafuta hasa mtu aliyenyamaza.

Pili, Elisha hakumsimanga wala hakudai "ada ya kufungulia faili". Alimuuliza: una nini nyumbani? Alikuwa na chupa ndogo ya mafuta. Nawe chukua daftari, andika madeni yote, nani anadai, kiasi gani, lini. Kisha andika ulichonacho, hata kama ni kidogo. Mfuate anayekudai, mwombe mpange upya malipo, na makubaliano yawe kwa maandishi.

Tatu, alienda kwa majirani kuomba vyombo. Nne, akaambiwa auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Umeona? Hata muujiza haukufuta deni, ulimwezesha kulipa. Sasa huyu wa WhatsApp anayefuta deni kwa elfu hamsini, yeye ni mkubwa kuliko nabii?

Tuambiane ukweli. Taarifa za wakopaji zinatunzwa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, na hakuna wakala wa mtandaoni wa kukusafishia jina. Kama zina makosa, wadai marekebisho aliyekukopesha au kampuni yenyewe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni, kwa hiyo kabla hujabonyeza "omba mkopo", hakikisha mkopeshaji ana leseni. Ujumbe wa kitapeli, ukiwemo ule wa "tuma kwenye namba hii", peleka 15040.

Na kama unatafuta mtaji, zipo SACCOS na VICOBA. Upo pia mkopo wa halmashauri usio na riba: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa, 4 ni ya vijana, kwa njia ya vikundi. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ila huo ni wa kazi, jamani, si wa kuzibia shimo la mkopo mwingine.

Mimi nilianza kwa kumwambia mama. Kisha nikaenda kwa katekista, nimeinamisha kichwa. Akaniambia, "Ule ujumbe niliufuta siku ileile, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe." Tukakaa na daftari. Ilinichukua miezi kumi na mmoja kumaliza.

Kwa hiyo nawe usiyedaiwa, una kazi: kuwa chombo cha jirani. Ukitumiwa ujumbe wa kumwaibisha mwenzako, usiusambaze. Mpigie. Muulize amekula?

Swali la wiki hii: ni nani mmoja utakayemwambia ukweli kuhusu deni lako?

Tusali: Ee Bwana, uliyesikia kilio cha mjane, wape ujasiri wa kusema vijana wanaokosa usingizi kwa madeni. Utulinde na tamaa yetu na hila za wadanganyifu. Ubariki kidogo kilichopo nyumbani mwetu, na utufanye majirani wema. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.