Yosefu Alituma Magari



Amri ya nne ya Mungu mwaikariri bila kukwama. Leo nawauliza jinsi mnavyoishika siku moja tu: siku ile mganga anaposema kwamba mzee wenu aweza kutoka hospitali.

Siku hiyo ni ya furaha. Jamaa hufunga mikeka na sufuria, humpandisha mzee juu ya pikipiki, nao hao waenda. Hakuna aliyemwuliza mwuguzi neno. Baada ya majuma mawili mzee hurudishwa, hali yake mbaya kuliko mwanzo. Au harudishwi tena.

Tazameni Yosefu. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma kwamba alipotaka kumleta Misri baba yake Yakobo, mzee wa miaka 130, hakutosheka na kumwita. Alituma magari ya kumbeba, na punda wenye nafaka na mikate, chakula cha baba njiani. Aliifikiri safari kabla mzee hajainuka.

Nanyi, kabla ya kufunga mizigo, ketini na mwuguzi. Maneno yapokewe na yule atakayelala nyumba moja na mzee, wala si yule mwenye sauti kubwa katika jamaa. Aulize: Dawa ipi aendelee nayo, na ipi aiache? Ngapi asubuhi, ngapi jioni, kwa siku ngapi? Turudi lini? Ishara gani ikitokea tumrudishe hata usiku? Kisha ayarudie yote mbele ya mwuguzi, kama mnavyorudia katekisimu mbele ya katekista, mpaka mwuguzi aridhike. Dawa za zamani zilizobaki nyumbani zionyeshwe pia, maana dawa moja yaweza kuwa na majina mawili, na mzee akaimeza mara mbili. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni liliuonya ulimwengu wote juu ya makosa ya dawa, likataja hasa saa hii ya kutoka mikono hata mikono. Na mwenye tansio asiache vidonge kwa kuwa hasikii maumivu. Tansio hupanda kimya.

Nyumbani, uogopeni usiku. Mzee huinuka gizani kwenda chooni, akaanguka, na nyonga ikavunjika. Wekeni taa na ndoo karibu na kitanda, na fimbo mahali mkono wake unapofika. Akiamka, aketi kwanza kitandani kitambo, ndipo asimame. Asiyeweza kujigeuza, mgeuzeni kila saa mbili, asipate vidonda mgongoni. Isipokuwa mganga amekataza, mpeni maji hata asipoomba, kwani wazee huchelewa kusikia kiu.

Yosefu alipowaaga ndugu zake aliwaonya wasigombane njiani. Aliwajua vema! Nasi twayajua magomvi yetu: nani atalipa deni la hospitali, nani atamtunza mama. Tena mzee asipopona upesi, wengine huanza kumtafuta mchawi, na kidole huelekea kwa bibi fulani mjane, asiye na wa kumtetea. Wandugu, mfupa wa mtu wa miaka 80 huunga polepole, na moyo uliopiga miaka hiyo yote huchoka wenyewe. Nilimzika bibi mmoja aliyefukuzwa nyumbani mwake kwa neno la namna hiyo. Anayeomba batizo asilitamke, wala asinyamaze likitamkwa mbele yake.

Ikiwa mzee amebatizwa, mwiteni padri mapema. Mpako wa Wagonjwa hausubiri pumzi ya mwisho. Mzee aliyedhoofika aweza kuupokea angali akiongea na kuitikia sala.

Juma hili ulizeni ni nani kijijini aliyetoka hospitali. Nendeni wawili wawili: mmoja achote maji na kupasua kuni, mwingine aisome karatasi ya dawa pamoja na mzee. Jumapili katekista atawauliza mlifika kwa nani.