Maji ya Juu na Watu wa Chini

Tujiulize swali moja: mtu anayekaa juu ya mto ana deni gani kwa mtu wa chini, ambaye hajamuona hata siku moja? Kwetu Masisi swali hili haliulizwi sana. Tunafua mtoni, tunanywesha ng'ombe, tunalowanisha mihogo, na maji yanakwenda zake. Yanakwenda wapi? Kule chini, basi.

Lakini kule chini kuna watu. Mto Osso, ule wa sekta yetu ya Osso-Banyungu, unatoka katika milima yetu, unaingia msitu wa Walikale na kuungana na Lowa, na Lowa inakwenda kumwaga maji yake katika Lualaba. Anayepita kwa gari halioni jambo hilo (na kwa barabara ile, gari lenyewe mara nyingi linasukumwa). Ni kwa miguu, kilalo baada ya kilalo, ndipo mtu anatambua kwamba maji ya huku na ya kule ni yale yale.

Wanyanga wa Walikale wana hadithi ya Mwindo. Mzee Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaitoa katika kitabu mwaka 1969. Mwindo anafungiwa ndani ya ngoma na baba yake Shemwindo, kisha anatupwa majini. Ungefikiri maji yatamtelemsha. Hapana! Anapanda mto kwenda kwa shangazi yake Iyangura. Von Götzen, yule Mjerumani aliyepita nchi hizi mwaka 1894, alikuwa akielekea magharibi, atokee kwenye mto Kongo na bahari. Kwake mto ulikuwa njia ya kutokea. Kwa Mwindo mto ni njia ya kufika kwa ndugu.

Kama ni hivyo, sisi wa juu tuko mahali pa shangazi. Na shangazi hamwagii mtoto wa kaka yake matope.

Kuna atakayetujibu kwamba njaa haina shangazi. Kule Rubaya koltani inaoshwa kwa maji. Kule Bisie, kasiterite ilipoanza kuchimbwa mnamo 2002, vijana walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, siku mbili msituni, wapate kula. Na tangu Machi 1993, vita vilipoanzia sokoni Ntoto na kufika Masisi, wengi wetu tumefuata mito hii kwa kukimbia, watoto mgongoni. Mtu wa namna hiyo utamwambia asichafue maji? Hatuthubutu. Ila tunaona kwamba umaskini unapunguza lawama, haufuti deni. Tena wengi wanaochafua hawakimbii kitu. Wanakata miti hadi ukingoni wapanue malisho, na wanasema hawakujua. Njia ya kwenda kuona iko.

Sisi tulikwenda. Katika kijiji kimoja upande wa Walikale tulikuta mama mmoja anachota maji kwa bidoni. Maji yalikuwa mekundu. Alisikia lugha yetu, akauliza:

– Muko watu wa juu? Mvua iko inanyesha sana kule kwenu?

Tulitazamana. Tukamjibu: ndiyo mama, inanyesha sana.

Ilikuwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi.