Huruma na Usingizi wa Mwenye Kuacha Unga

Liko suala ambalo halina budi kuulizwa katika miji yetu ya pwani, maana nyumba zinazolijua si chache. Kijana ameacha unga. Siku za arosto zimepita, hatapiki tena wala hatetemeki. Lakini usiku halali. Huzunguka uani, hufungua mlango na kuufunga, huomba apewe chochote kitakachomlaza. Je, huruma ni kumpa kidonge, au ni kumnyima?

Baadhi ya watu hulijibu suala hili kwa neno moja. Sisi twaona kuwa lataka kufikiriwa, kwani jawabu lake laweza kumponya mtu au kumwua.

Unga wa heroini ukiachwa ghafula huleta maumivu kabla ya siku moja kutimia. Hushtadi siku ya 2 na ya 3, kisha hupungua baada ya kama wiki moja. Ama usingizi hauna haraka hiyo. Waweza kubaki umekatikakatika kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi. Mwili uliolazwa kwa ulevi miaka mingi umesahau kujilaza wenyewe, nao wahitaji muda wa kujifunza upya. Basi asemaye, "Lau angelitubu kweli angelilala," amemdhulumu mwenziwe. Kukesha huku si upungufu wa toba; ni baki ya maradhi, nayo hupoa.

Walio wepesi wa huruma hukimbilia vidonge: Valium ya jirani, au bugizi iuzwayo vichochoroni. Dawa za namna hii zikikutana mwilini na unga, au methadone, au pombe, huzilegeza pumzi mpaka zikakatika. Na hata zikinywewa peke yake, mwili huzizoea katika wiki chache, na aliyezitumia sana akiziacha ghafula huweza kushikwa na kifafa. Mtu huwa ametolewa kifungoni akatiwa kifungo kingine.

Lililo zito zaidi ni hili. Aliyeacha unga kwa siku kadhaa, mwili wake hauhimili tena kipimo alichokizoea. Akishindwa usiku mmoja akakirudia, huenda asiamke. Jamaa humwona ametulia wakasema, "Alhamdulillahi, leo amelala," kumbe anakata roho. Mwenye kukoroma kwa mkoromo mgeni, midomo yake imegeuka rangi, akaitwa na kutikiswa asiitike, huyo hakulala. Alazwe ubavu, na msaada wa hospitali utafutwe saa ile ile.

Kwa upande wa pili wako walio wakali. Wao husema dawa zote ni ulevi, na aliyeacha na aache zote, hata methadone ya hospitali. Methadone imekuwa ikitolewa Malindi na Mombasa tangu mwaka 2015, kwa kipimo cha kila siku kinachonywewa mbele ya mhudumu. Kumshurutisha mtu aiache ghafula kwa jina la utakaso ni kumsukuma arudi maskani. Mafakihi wametufundisha kuwa dharura hukadiriwa kwa kadiri yake, na hiyo ndiyo njia ya kati. Kidonge si haramu kwa kuwa ni kidonge, wala si halali kwa kuwa mtu anateseka. Ni amana ya tabibu aliyeelezwa yote ambayo mgonjwa ameyatumia na anayoyatumia. Kiwe na kipimo na mwisho, na nyumbani kishikwe na mtu mwingine. Ama aliyekuwa akinywa pombe nyingi akaiacha, kisha akakesha akitetemeka, akitoka jasho na kuona visivyokuwapo, huyo si wa kusubiriwa mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali.

Sasa natujiulize kwa insafu: kidonge kile cha usiku wa manane, hutolewa ili alale nani? Mara nyingi hupewa mgonjwa ili alale mzazi. Hatumlaumu mzazi, amechoka, na kesho ana kazi. Lakini huruma inayotafuta kunyamazisha kilio si sawa na huruma inayotafuta kuponya, hata zikifanana sura. Ya kwanza hutaka usiku huu upite. Ya pili huangalia mwaka ujao.

Na hii ya pili haiwezekani kwa mtu mmoja. Twakesha arusini, twakesha matangani. Mbona hatukeshi zamu na ndugu yetu aliye hai? Mjomba achukue usiku mmoja, kaka mwingine, jirani wa tatu, ili mama apate kupumzika bila kufunga macho yake kwa kidonge cha mwanawe.

Mwenye kukesha naye ana wajibu wake. Aamke saa ile ile kila siku, hata kama hakulala. Adhana ya Alfajiri yatosha kuwa saa yake. Mchana asilale ila kidogo, bali atoke juani na afanye kazi. Baada ya Adhuhuri aiache kahawa tungu, na miraa na muguka asiviguse kabisa, maana vyenyewe ni vya kukesha. Baada ya Isha apunguze taa, na simu iwe mbali. Akilala kama dakika 20 usingizi usije, asipigane na kitanda. Aondoke, akae penye mwangaza hafifu, na arudi macho yakiwa mazito. Usiku wa kwanza huenda asione faida. Adumu wiki kadhaa ataiona.

Enyi ndugu zetu, usingizi haununuliwi kichochoroni, wala haulazimishwi kwa karipio. Hurudi kidogo kidogo kwa mwenye kungojewa. Basi na tumngojee, naye asikeshe peke yake.