Nani Alilipia Jibu Hili?

Mtu akisema haamini wanasayansi, sisi wa mjini tuna jibu letu la haraka: huyo hajasoma. Tunacheka, tunasonga. Lakini je, kama kutoamini kwake si ujinga bali ni kumbukumbu?

Turudi 1990. Ukimwi unamaliza watu, na AZT, dawa iliyokuwapo ng'ambo, ni ghali kupita kiasi. Watafiti wa KEMRI wanatoa dawa ya kumumunya mdomoni, Kemron, na Rais Moi mwenyewe anaitangazia dunia. Wakenya wanaambiwa wagonjwa wamepata hamu ya kula, wameongeza uzani, na wengine hata wamepimwa tena wakakutwa hawana virusi. Nchi ikajivunia, na nani angeilaumu? Wagonjwa walikuja Nairobi kuitafuta, wengine wakipanda ndege kutoka Marekani.

Utafiti ule wa kwanza ulikuwa na pengo: hapakuwa na kundi la wagonjwa waliopewa kidonge kitupu, ili ijulikane nafuu imetoka kwa dawa au kwa matumaini. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza. Lakini angeulizia wapi, kwenye nchi ya chama kimoja, wakati rais ameshapiga makofi? Kuitilia shaka dawa kulikaribia kuitilia shaka serikali. Akipenda, chongo huita kengeza.

Majaribio yaliyofuata hayakuona faida. Moja lilifanyika Uganda, likiwa na wagonjwa zaidi ya 500, na matokeo yake yakachapishwa 1998: waliopewa dawa hawakuwashinda waliopewa kidonge kitupu. Tangazo la 1990 lilikuja na ngoma. Masahihisho hayakupata hata filimbi.

Na usiseme ati haya ni mambo ya Afrika. Mwaka 1967, wanasayansi wa Harvard waliandika katika jarida kubwa la tiba la Marekani kwamba mafuta ndiyo ya kuogopwa kwa magonjwa ya moyo, wakaipunguzia sukari lawama. Walikuwa wamelipwa na taasisi ya wafanyabiashara wa sukari, dola 6,500 za wakati huo, na hawakusema. Siri ilitoka 2016, karibu miaka hamsini baadaye. Huko hakukuwa na rais wa kuogopwa. Bahasha ilitosha.

Sasa, tusiamini chochote? Hapo nakataa. Mimi niliacha chuo bila digrii, kwa hivyo hakuna profesa ninayemtetea hapa. Utafiti wote hulipiwa na mtu. Mkono mtupu haulambwi. Kujua nani alilipa kunakuambia wapi pa kuangalia kwa makini, lakini hakukuambii kama jibu ni uongo. Chanjo inaweza kutengenezwa na kampuni yenye tamaa na bado ikamwokoa mtoto wako.

Ona pia nani aliyefichua. Waliofukua barua za watu wa sukari walikuwa watafiti. Walioipima Kemron upya walikuwa watafiti. Kwa hivyo swali la kwanza ni nani alilipa, na la pili ni zito zaidi: nani mwingine amerudia kazi hii, asiye na deni kwa aliyelipa? Kama hayupo, subiri. Kama wapo kumi kutoka nchi kumi, na wote wanasema kitu kimoja, basi ukaidi wako nao uuhoji.

Lakini kurudia kazi ya mwingine kunahitaji pesa, na hakuna waziri anayekata utepe wa jaribio la kuhakikisha. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Tuko mbali sana na hapo. Matokeo ni kwamba maswali mengi yanayochunguzwa hapa huchaguliwa na mfadhili wa nje, halafu tunashangaa raia akiuliza hawa watu wanataka nini kwetu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kumcheka hakumponyi. Aliyetangaza kwa kipaza sauti anadaiwa kusahihisha kwa kipaza sauti kilekile, mbele ya watu walewale. Hadi deni hilo lilipwe, usimwambie jirani yako kwamba hajasoma. Labda amesoma historia kukushinda.