Mali Ikishauzwa

Sisi wa visiwani tukisikia Mnazi Mmoja, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye hospitali na uwanja ulio baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Dar es Salaam nayo ina Mnazi Mmoja yake, na ajabu ni kwamba nayo ni uwanja wa baina. Wakoloni waliuacha wazi ili kuitenga mitaa ya maduka ya Wahindi na Kariakoo walikokaa Waafrika. Leo anayeukata uwanja huo asubuhi, awe wa rangi yoyote, aghalabu anakwenda kununua au kuuza. Lakini ng'ambo ya uwanja ule nilijifunza kwamba umebaki mpaka mwingine, mwembamba zaidi, nao ni kizingiti cha duka.

Shangazi yangu ni mshoni. Alipopata zamu yake ya upatu tulivuka naye bahari kwenda Kariakoo kununua cherehani. Muuzaji alikuwa mtu wa adabu. Aliiweka mashine juu ya meza, akatoa kipande cha kitambaa, akasema: "Jaribu mwenyewe, mama, usije ukasema nimekuuzia kibovu." Shangazi akashona mstari mmoja, akautazama, akaridhika, akalipa. Siku ya nne, tukiwa Unguja, mashine ikaanza kuruka mishono. Fundi alipoifungua alikuta mhimili wa ndani ulikwisha kuvunjika zamani, ukaungwa kwa moto, kisha ukapakwa rangi.

Tukairudisha. Muuzaji hakutubishia juu ya ule mhimili. Aliichukua risiti yetu na kutuonesha mhuri wa buluu uliopigwa chini yake: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Shangazi, ambaye herufi alizozizoea ni zile za chuoni, alinitaka nimsomee. Nilipomaliza akasema: "Mwanangu, mimi nilikuja kununua cherehani. Karatasi umenipa wewe, sikuiomba."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, neno la upande mmoja laweza kuifuta haki ya upande wa pili?

Biashara ni ridhaa ya watu wawili, na mtu haridhii asichokijua. Shangazi aliridhia cherehani nzima kwa bei ya cherehani nzima. Ule mhimili uliofichwa chini ya rangi hakupata kuuridhia, kwa sababu hakuonyeshwa. Na mhuri nao ulikuja baada ya fedha kutoka mkononi, yaani baada ya ahadi kukamilika. Sharti linalotajwa wakati mapatano yamekwisha si sehemu ya mapatano. Ni amri tu, na muuzaji hana mamlaka ya kumwamuru mnunuzi.

Wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu waliliona jambo hili mapema. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea katika mwambao wetu, muuzaji na mnunuzi wana khiyari ya kuvunja mauzo maadamu hawajaachana mahali walipouziana. Lile jaribio la dukani, la kushona mstari mmoja au kuiwasha balbu kabla ya kulipa, lina harufu ya khiyari hiyo. Lakini ipo khiyari nyingine, ya ila, nayo haikomei kizingitini. Mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla hajakabidhiwa, ana haki ya kuirudisha mali, mradi asikawie. Tena Imamu Nawawi, katika Minhaj, kitabu kilichotegemewa sana na makadhi wetu, analipima hata sharti la muuzaji kujitoa katika kila ila. Kauli anayoipa nguvu ni kwamba sharti hilo humwokoa katika ila ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, basi. Ngamia huficha ugonjwa asioujua mwenye kumuuza. Cherehani haipaki yenyewe rangi juu ya jeraha lake.

Sheria ya serikali nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, ambayo mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya 1893, inamtaka mfanyabiashara atoe bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Mnunuzi aliyeikagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ungeifichua, ila iliyojificha haimo katika katazo hilo. Sheria ya Ushindani ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ikaongeza masharti ya kumlinda mlaji. Kenya wameliingiza jambo hili katika Katiba yao ya 2010, kifungu cha 46, kinachompa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahiki. Vitabu basi havikosi. Kinachokosekana ni njia ya kutoka kitabuni hadi kaunta ya duka, na kwa mtu wa kisiwani njia hiyo hupita baharini, kwa nauli yake mwenyewe.

Hata hivyo si insafu kumfanya muuzaji kuwa shetani. Yule wa kwetu alitwambia kwamba mashine aliitwaa kwa mwenye duka la jumla, ambaye naye aliitoa katika kontena lililotoka ng'ambo. "Mimi nani atanirudishia?" aliuliza. Swali hilo ni zito. Mtaji wake ni mdogo, na huenda hasara ya mashine moja ikala faida ya mashine nyingi. Lakini tulitazame vizuri. Anasema kwamba alidhulumiwa, naye hana nguvu za kumfikia aliyemdhulumu, kwa hiyo dhuluma aipitishe kwa aliye dhaifu kuliko yeye. Kwa mwendo huo hasara huteremka ngazi baada ya ngazi mpaka imkute asiye na wa kumteremshia, yaani mshoni mwenye fedha za upatu. Na kule juu, aliyeipaka rangi ile hatajua kamwe kwamba alijulikana. Mali inayorudishwa ni shahidi anayepanda ngazi. Kila duka linalomfungia mlango linamlinda mdanganyifu wa kwanza.

Lipo pia suala la mali isiyo na ila ambayo mnunuzi ameichoka tu. Mwanamke amenunua doti ya kanga, amefika nyumbani, rangi haimpendezi. Huyu hana haki ya kudai, kwani alichokiona ndicho alichopewa. Lakini mafundisho ya dini yanamsifu muuzaji anayekubali kumvunjia biashara mwenziwe aliyejuta, na kumuahidi kwamba Mola naye atamsamehe kuteleza kwake. Hiyo ni hisani, na hisani ina heshima yake pale tu haki ilipokwisha kutimizwa. Mnunuzi naye asiivunjie heshima hiyo. Anayevaa nguo harusini Jumamosi na kuirudisha Jumatatu akidai ina kasoro ni ndugu wa yule aliyepaka rangi mhimili. Kosa la mhuri wa buluu ni kwamba unawatia wote katika kapu moja, mwenye kudai haki, mwenye kuomba hisani na mwenye kudanganya, kisha unawajibu kwa neno moja.

Hatimaye muuzaji alikubali kutubadilishia ule mhimili, shangazi alipe nusu ya gharama. Tulishikana mikono, tukaiita suluhu. Cherehani inashona hadi leo. Lakini tulipokuwa tukiukata uwanja wa Mnazi Mmoja kuelekea bandarini, shangazi alihesabu nauli za safari mbili, malipo ya fundi na nusu ile, kisha akaniuliza: "Sasa mimi nimelipia kosa la nani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nadhani kila anayepiga mhuri ule anapaswa kuwa nalo.