Jibu Liwe Tayari Kabla ya Kipaza Sauti

Wanangu mnaofanya biashara kati ya Kitale na Bungoma, nimezeeka nikisikiliza redio, na nimechoka kusikia jambo lile lile kila mwaka. Mtu mwenye mali ya halali, anayelipa kodi na kuwaajiri watoto wetu, anawekewa kipaza sauti mdomoni, na nusu dakika baadaye jina alilolijenga miaka mingi limeingia doa. Hajaiba wala hajamdhulumu mtu. Aliitwa kusema hali hajajiandaa kusema. Neno hili, kwamba mtu ajifunze mapema kuzungumza na wanahabari, nimelirudia vikaoni na katika mikutano ya ushirika hadi sauti imekauka. Leo nalisema tena, polepole, mwenye kusikia na asikie.

Msidhani habari ni mambo ya Nairobi. Sulwe FM inawafikia watu wetu kwa Kibukusu, West FM inatangaza kutoka Bungoma, na stesheni kubwa za Kiswahili zina waandishi wao huku kwetu. Sisi tunauza chakula na pembejeo, na hayo mambo mawili hayakosi kuwa habari. Novemba 2019, Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kisha baada ya siku chache ikayafungulia kwa masharti. Machi 2024 ikawa mbolea bandia, na wakulima wakabaki wakiitazama mifuko waliyoinunua wakiamini ni ya ruzuku ya serikali. Kila mara, wanaoulizwa si wenye makosa peke yao. Mwandishi huenda kwa aliye karibu, na aliye karibu ni wewe mwenye kinu Kiminini, mwenye ghala Webuye, mwenye duka la mbegu Chwele.

Basi tuanzie ghalani, kwa maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mafunzo ya kuzungumza na wanahabari hayakuwekwa ili mtu ajifunze kuficha uozo. Mahindi yakiwa mabichi, hakuna jibu litakaloyakausha. Anza kwa kuweka mambo yako sawa: vyeti vya KEBS visiwe vimepitwa na wakati, mizani iwe imekaguliwa, daftari lionyeshe kila shehena ilitoka wapi, siku gani, ikiwa na unyevu kiasi gani. Mwenye daftari haogopi swali. Asiye nalo atakisia, na neno la kukisia likishatangazwa huwa ni ushahidi dhidi yake.

Ukishajua ukweli wako, uchague. Taarifa ya habari itakupa sekunde kumi, pengine kumi na tano, hata ukizungumza saa nzima. Ukisema mambo tisa, mhariri atachukua analolitaka yeye. Andika mambo mawili au matatu ambayo mteja wako anapaswa kuyasikia, uyaseme kwa sentensi fupi, na kila swali likikupeleka mbali, lijibu kwa uaminifu kisha urudi kwenye hayo.

Mjihadhari pia na neno baya lililo ndani ya swali. Mwandishi akimuuliza mwenye duka la pembejeo, "Je, unauza mbolea feki?" wengi hujibu, "Mimi siuzi mbolea feki." Swali litakatwa, jibu litabaki, na msikilizaji atakumbuka duka hilo pamoja na neno feki. Na aseme: "Mbolea yangu nainunua kwa wasambazaji waliosajiliwa, risiti ninazo, na mkulima akitaka kuziona aje." Huo ni ukweli ule ule, umewekwa wima.

Tena semeni kwa lugha ambayo watu hununulia. Kiwango cha sumukuvu kinachoruhusiwa katika mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Jueni tarakimu hiyo, lakini msimwache nayo mama aliyesimama na gorogoro lake sokoni. Msagaji akiulizwa anajuaje kwamba mahindi yake yamekauka, na aonyeshe. Achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie punje na kijiko cha chumvi kavu, aitikise kwa muda, kisha aiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isipoganda, aseme kwamba hatua ya kwanza imepita, halafu achome kipimo cha unyevu kwenye gunia na kila mtu asome: asilimia 13.5 au chini yake. Kamera inapenda kitu kinachoonekana, na mkulima anaamini alichokiona.

Wapo watu wanaofundisha kazi hii kwa malipo: waandishi wa zamani na maafisa wa mawasiliano. Mwenye uwezo na awaite. Asiye na uwezo asikae bure. Funga ghala jioni, keti na mhasibu wako na kijana mmoja mwenye simu. Mwambie akuulize swali lile unaloliogopa zaidi, akurekodi, kisha mtazame pamoja. Utajiona unavyotazama chini, unavyokunja mikono, unavyokimbiza maneno. Rudia mpaka jibu litoke kama unavyosema na jirani.

Wafundishe na watu wa langoni. Mara nyingi picha ya kwanza ya kampuni kuonekana kwenye runinga ni kiganja cha bawabu kinachoziba kamera, na ukishaonyesha kiganja hicho, nani atakusikiliza ukisema huna la kuficha? Bawabu na ajue maneno matatu: karibuni, subirini hapa, namwita mwenye kusema. Na mwenye kusema awe mmoja, anayejulikana, anayeshika simu. Mwandishi akipiga, muulize kwa heshima: unatoka stesheni gani, habari inahusu nini, tutakuwa hewani moja kwa moja au unarekodi, unaitaka saa ngapi? Omba muda mfupi ukaangalie daftari, kisha umpigie kweli kama ulivyoahidi. Jambo usilolijua, sema hulijui na utaje lini utalijua. Kama mtu ameumia kwa bidhaa yako, mpe pole kwanza kabla hujajitetea. Na kamera ikishushwa, chungeni ndimi zenu bado, kwa sababu simu mfukoni inarekodi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Kuna jambo ambalo linaniuma zaidi. Wapo wenzenu wanaoona njia ya mkato ni bahasha. Wanangu, msitoe bahasha. Maadili ya uandishi nchini mwetu yanaikataza, na mwandishi anayenunuliwa leo atarudi kesho kuongeza bei, au atanunuliwa na mshindani wako. Ukiona umetangaziwa uongo, sheria iko upande wako. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa ya uongo inayomhusu. Mwandikie mhariri, mpe ushahidi, mpe nafasi arekebishe. Akikataa, Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 imeweka tume ya kusikiliza malalamiko. Lakini huko utaulizwa daftari lile lile, kwa hiyo tumerudi ghalani.

Nasema haya kwa sababu jina la mfanyabiashara wa huku halimhusu yeye peke yake. Unga ukisemwa vibaya, mkulima wa Endebess anakosa mnunuzi, dereva wa lori anakosa mzigo, na kuli pale Kanduyi analala na njaa. Hao wote wako nyuma yako unaposhika kile kipaza sauti.

Ninawaomba basi. Kabla mahindi mapya hayajaanza kuingia mwezi wa Oktoba, kila mwenye ghala, kinu au duka la pembejeo atenge jioni moja, alete daftari mezani, aulizwe maswali magumu na watu wake mwenyewe, kisha ajisikilize. Fanyeni hivyo mwaka huu, wanangu, msingoje kubishiwa hodi.