Kimya Si Habari



Vijana wetu wanaambiana kwamba kampuni ya gemu wanayoipenda imekufa, kwa sababu tu imenyamaza. Tukumbuke: kuanzia mwisho wa Julai 2021 hadi Aprili 2022, China haikutoa kibali cha gemu mpya hata moja. Wengi walikuwa wakisubiri tu.

Nasi wa Guangzhou tunajua uvumi unavyouma. Aprili 2020 ulipoenea kwamba Waafrika wanaeneza korona, ndugu zetu walitolewa majumbani, wengine wakalala nje.

Mithali 18:13 inatuonya tusijibu kabla ya kusikia. Kabla ya kusambaza ujumbe, tuulize: nani kasema? Amejuaje? Kusema "hatujui" si aibu.

Mungu alinde ndimi na vidole vyetu. Amina.